Ukitaka kubadilisha jambo kijijini, anza na wenye jambo

Kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha nne huku kwetu Newala hunijia na swali lilelile: dada, nataka kuwa mtetezi wa haki za watoto, nianzie wapi? Wengi hutegemea niwaambie habari za kusajili kikundi au kuandika andiko la kuomba fedha. Hayo yana wakati wake. Mimi huwaanzia na siku niliyoharibu.

Nilikuwa na miaka 23. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku tatu Mtwara mjini, moyo umejaa moto, na nilichokitaka kilikuwa cha haki kabisa: mabinti wa darasa la nne na la tano wasikose masomo kwa sababu ya unyago. Mkutano wa kijiji ulikaa chini ya mwembe, mbele ya ofisi ya mtendaji. Tulipofika kwenye mengineyo nikasimama, nikasema unyago unaharibu watoto na upigwe marufuku. Nikatoa na mfano. Nikasema yupo binti mmoja hapahapa, wa darasa la sita, hajarudi shule tangu atolewe unyagoni, na sasa ameshaposwa. Jina sikulitaja. Lakini kijiji chetu kina vitongoji vitatu, jina la nini?

Kabla sijakaa, kina mama waliokuwa nyuma walikuwa wanakung'uta kanga zao na kuondoka. Siku ya pili jioni mama wa yule binti akaja nyumbani. Hakunigombeza. Alitua ndoo chini, akasema, "Mwanangu sasa anachota maji usiku," akajitwisha ndoo yake, akaenda zake.

Nimehudhuria mafunzo mengi baada ya hapo, na hakuna lililonifundisha kuliko ile ndoo. Habari ya mtu ni mali yake. Hata ukificha jina, hata ukiwa na nia njema, hata kama habari hiyo ingewatoa watu machozi, usiisimulie mpaka mwenyewe, na mzazi wake kama ni mtoto, akuruhusu huku akijua utaisimulia wapi na mbele ya nani. Akikataa, imeisha. Tafuta njia nyingine, au simulia ya kwako.

Nilikwenda kumwomba msamaha yule mama mbele ya wenzake wale walioondoka. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri. Posa ile baadaye ilirudishwa, ila binti hakurudi darasani. Siku hizi anashona Newala mjini na tukikutana tunasalimiana vizuri. Hilo najua ni fadhila yake.

Bibi yangu ndiye aliyenielekeza la kufanya. Aliniambia, "Unapigana na nyumba ambayo hujawahi kubisha hodi." Akanituma kwa nyakanga mkubwa wa upande wetu, yaani kiongozi wa unyago, mwanamke aliyewacheza mama zetu na sisi. Nilimkuta uani anabangua korosho za kula nyumbani, mikono ameipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimchome. Nikapaka na mimi, nikakaa, nikabangua. Siku ya kwanza tuliongea habari za mbaazi na mvua tu. Siku ya pili vilevile. Ya tatu akaniuliza mwenyewe.

"Mjukuu wangu, wewe si tulikucheza sisi?"

"Ndiyo, bibi."

"Tulikufundisha baya gani?"

Nilifikiri sana kabla ya kujibu, kwa sababu alistahili ukweli. Nilimwambia mengi aliyonifundisha ninayo mpaka leo: usafi, namna ya kuongea na wakubwa, kujiheshimu. Nikamwambia mengine yalikuwa makubwa kuliko umri wangu, nilitoka mle ndani nikiwa na miaka tisa nikiambiwa nimeshakua, nami nikaamini. Kisha nikamweleza lililoniuma zaidi. Mwaka ule nilitolewa mwezi wa saba, shule imeshafunguliwa, wenzangu wameanza sehemu, zile hesabu za nusu na robo. Sikuwahi kuzielewa tena. Hesabu ziliniangusha darasa la saba na zikaniangusha tena kidato cha nne.

Alinyamaza, akapasua korosho mbili tatu. Akasema: "Sisi tunaangalia chakula. Mahindi yakishaingia ndani ndipo ngoma inalia. Tarehe za shule nani aliwahi kutuletea?"

Jamani, hakuna aliyewahi! Semina zote zile, mabango yote yale, na hakuna mtu aliyekwenda kwa mwenye ngoma na kalenda ya shule mkononi. Sisi tulikuwa tukiwasema tu, redioni na majukwaani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba lile la kupiga marufuku lingeishia kuwafanya wacheze porini kwa siri, bila mwalimu wala mtendaji kujua mtoto yuko wapi.

Kwa hiyo kijana, kabla ya bango nenda kwa watu watatu: anayeshikilia hilo jambo, anayeumizwa nalo, na mwenye kumbukumbu zake. Kwangu mimi mwenye kumbukumbu alikuwa mwalimu mkuu. Tulifungua daftari la mahudhurio, na ukurasa wa mwezi wa saba haukuhitaji maelezo. Majina ya wavulana yana alama za kuwepo, ya wasichana wa madarasa ya kati yana utoro uliofuatana wiki nzima nzima. Nyakanga hasomi vizuri, lakini alipowekewa kidole kwenye mistari ile, na akasomewa majina, aliwatambua wote. "Huyu wangu. Na huyu wangu."

Sheria nayo uijue sawasawa, kwa sababu wazee wanaijua kuliko unavyodhani. Niliwahi kujibiwa kwenye baraza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Ni kweli imeandikwa hivyo, na ukibisha unaonekana mwongo. Jibu lake ni kwamba mwaka 2016, katika kesi aliyoifungua mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Tena mwanafunzi wa msingi au sekondari ana ulinzi wake: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba. Na tangu Novemba 2021 serikali ilikwisharuhusu binti aliyejifungua kurudi shuleni. Hili la mwisho litangaze kila mahali, maana bado wapo wazazi wanaodhani mlango umefungwa.

Kuna mambo hayana mazungumzo. Mtoto akifanyiwa ukatili, usikubali kukalishwa kwenye kikao cha kuyamaliza nyumbani, hata anayekuita akiwa mjomba wako. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, ni bure. Upole nilioueleza kwa nyakanga ni kwa ajili ya mila inayoweza kurekebishwa. Anayemuumiza mtoto hana sehemu yake katika upole huo.

Kuhusu mkutano wa kijiji: ni silaha kubwa na tunaidharau. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe halali, na mkutano unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Usisubiri mengineyo kama nilivyofanya, watu wamechoka na jua. Nenda kwa mtendaji mapema, jambo lako lipite halmashauri ya kijiji, liingie kwenye ajenda na lipewe namba. Usiombe lijadiliwe Oktoba au Novemba, watu wako mikoroshoni wanaokota, na jioni mazungumzo ni bei ya mnada tu. Sisi tulipeleka la kwetu mwezi wa tatu. Na aliyelisema hakuwa mimi. Alisimama nyakanga mwenyewe, akasema wali, yaani mabinti wanaochezwa, wataingia wiki ya kwanza shule zikifungwa na watatoka kabla hazijafunguliwa, na mtoto ambaye hajavunja ungo asiletwe. Mimi kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuhakikisha mtendaji ameyaandika yote kwenye muhtasari na mwenyekiti ametia sahihi. Maneno ya mkutano yasiyoandikwa hupotea mwenyekiti akibadilika.

Utaulizwa umelipwa shilingi ngapi. Jibu palepale na useme kweli. Kama ulipata nauli, sema nauli, na kiasi gani. Watu wetu wamezoea kuona wageni wanakuja na posho na kuondoka nayo, na hawana kosa kuuliza.

Si kila familia imefuata makubaliano. Mwaka juzi nyumba mbili ziliwapeleka watoto kijiji cha jirani wakachezwe huko, na ilibidi tuanze upya safari ya uani kwa nyakanga wa kule, na majivu mikononi.

Mwezi wa tano uliopita, asubuhi, nilikuwa napalilia nikaona mvulana mdogo anakuja mbio kwenye kijia. Ni mjukuu wa nyakanga. Akaniamkia, akasema bibi anauliza shule zinafungwa tarehe ngapi na zinafunguliwa tarehe ngapi. Nilirudi naye nyumbani, nikaziandika zote mbili kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa kaptura, akatimua mbio kurudi alikotoka.