Kabla hujalipa hiyo ada, masaa 360 ya kazi ya fani yako utayapatia wapi?

Kama pesa haijatoka benki, isitoke kesho. Wala keshokutwa.

Nimesoma uzi wako mara mbili, mdogo wangu. Una barua za vyuo viwili vya Melbourne, vyote vimekupa Certificate III ya umeme wa magari. Kimoja ada yake ni nafuu na ajenti anakusukuma huko, tena amekubandikia diploma ya uongozi juu yake "ili viza iwe ndefu". Ulipomuuliza habari ya mafunzo kazini akakujibu, "Hayo utayapata tu ukifika." Umeuliza mengi hapo: uchague chuo kipi, mtihani wa Kiingereza, vifaa vya kubeba, na kama mkeo anaweza kuja. Mimi nilipofika kwenye hilo jibu la ajenti nikashindwa kuendelea. Maneno hayo hayo niliambiwa mwishoni mwa 2021, nikayaamini, yakanila mwaka na nusu.

Kwa jinsi ulivyoandika naona hakuna aliyekutajia masaa 360, kwa hiyo naanza hapo.

Ukimaliza chuo cha ufundi Australia na ukataka kubaki ufanye kazi ya fani yako, viza unayoiendea ni namba 485, ile ya muda ya wahitimu. Huwezi kuiomba hivi hivi. Siku unapotuma maombi lazima uwe umeshapeleka ombi la kupimwa ujuzi, na kwa fundi umeme wa magari (kwenye orodha yao ya kazi namba yake ni 321111) anayepima ni Trades Recognition Australia, TRA. Mgeni aliyesomea huko huko anaingilia kwenye mpango wao unaoitwa Job Ready Program. Hatua ya kwanza kabisa wanataka cheti cha chuo kilichosajiliwa, na ushahidi wa masaa 360 ya kazi ya fani hiyo, iwe ya kulipwa au mafunzo kazini, uliyoifanya ndani ya Australia katika miaka 3 iliyopita. Ushahidi wa maandishi. Hadithi hawapokei.

Halafu 485 inaombwa ndani ya miezi 6 tangu umalize masomo, na viza ya mwanafunzi mara nyingi inakwisha kabla hiyo miezi 6 haijatimia. Ukimaliza chuo bila masaa, huna muda wa kuyatafuta.

Sasa yangu. Nilitua Februari 2022. Wakati ule serikali yao ilikuwa imeondoa kikomo cha masaa ya kazi kwa wanafunzi kwa sababu watu wa kufanya kazi walikuwa haba, na hali ikabaki hivyo mpaka 30 Juni 2023. Yaani ningeweza kufanya kazi ya gereji wiki nzima na masaa 360 yakaisha ndani ya miezi miwili na kitu. Nilienda wapi? Ghalani, kupanga maboksi usiku, maana ghala lililipa haraka na ajenti alishanituliza kuwa "chuo kitakutafutia gereji".

Chuo hakikutafuta chochote. Karakana yao ilikuwa na magari matatu na sisi tulizidi ishirini. Wanne wanainama kwenye boneti moja, wengine tunasubiri zamu tukiangalia migongo yao. Siku ya somo la kupima mkondo nilihangaika nusu saa, mita inasoma sifuri, nabadilisha waya, nabadilisha betri, naanza tena. Mwisho nikafungua mita yenyewe: fyuzi yake ya ndani ilishaungua. Nikajaribu ya pili, nayo hivyo hivyo. Mwalimu akasema andikeni tu majibu kama yalivyo kwenye kitabu. Hiyo ndiyo karakana niliyokuwa nalipia.

Miezi michache baadaye nikapata mwenyewe gereji ya Jumamosi. Kazi halali kabisa ya umeme: kufunga betri ya pili kwenye pikapu, taa za ziada, soketi za trela, alteneta, kutafuta waya unaokula betri usiku gari likiwa limezimwa. Nilifanya Jumamosi zaidi ya hamsini, masaa nane nane. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya 400. Jumamosi jioni mwenye gereji ananitolea noti mfukoni, naziweka mfukoni, naondoka nimefurahi. Sikuwa na slipu ya malipo hata moja, wala mkataba, wala ujumbe wa simu unaotaja kazi. Nilidhani nikihitaji barua ataniandikia, kwa sababu tulikuwa tunaelewana vizuri mno.

Februari 2024 nimemaliza, cheti mkononi, nikamwendea. Nikamweleza taratibu kwamba nahitaji barua na rekodi za malipo. Alikuwa ameinama kwenye gari la mteja. Akafunga boneti, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaniambia, "Mimi sijawahi kukuajiri." Akaingia ofisini. Nimesimama pale na begi langu.

Baadaye nilielewa sababu. Sheria ya kazi kule inamtaka mwajiri akupe slipu ndani ya siku 1 ya kazi baada ya kukulipa. Kuniandikia ile barua ilikuwa ni kujiandikia kosa lake mwenyewe. Kwa hiyo masaa zaidi ya 400 ya jasho langu, mbele ya TRA, yalikuwa sifuri.

Viza ilikuwa inaisha Aprili. Nikaomba nyingine ya mwanafunzi, nikalipa ada ya kozi nyingine ya magari, nikaanza upya. Kipindi hicho ombi la viza hiyo lilikuwa dola 710. Julai 2024 likapanda mpaka 1,600, na tangu Julai 2025 ni 2,000. Ukikosea leo utalikosea kwa bei hiyo.

Safari ya pili niliitafuta gereji kabla ya kitu kingine chochote. Nilizunguka na karatasi yangu mlango kwa mlango, na swali la kwanza kwa kila mwenye gereji lilikuwa moja: unatoa slipu? Anayesitasita, nashukuru, naondoka. Wa kumi na kitu akakubali. Kwa kikomo cha sasa mwanafunzi anaruhusiwa masaa 48 kwa wiki mbili muhula ukiendelea, yaani 24 kwa wiki. 360 gawanya kwa 24, ni wiki 15. Wiki 15! Kitu kilichonila mwaka na nusu kinamalizika ndani ya miezi minne ukikianza mapema na kwa karatasi.

Na usidhani ni mambo ya karatasi tupu. Wiki yangu ya kwanza pale ililetwa pikapu, stata inazunguka kwa kujikokota. Mimi na vyeti vyangu nikasema stata imekufa, tuifungue. Mzee wa gereji hakubishana. Akachukua mita, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye bloku ya injini, akaniambia piga stata. Ikasoma volti 1.8. Akanionyesha ile skrini bila neno. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, ikiwa nzima, namba hiyo haipaswi hata kufika nusu volti. Tukafungua waya wa ethi, chini ya boliti kumejaa kutu ya kijani. Tukasugua, tukakaza, gari likawaka kwa mguso mmoja. Stata ilikuwa nzima kabisa, na mteja angelipia mpya. Miaka miwili ya chuo sikuwahi kufanya kipimo hicho kwenye gari lenye hitilafu ya kweli.

Turudi kwa ajenti wako, kwa sababu hasira yangu nyingi iko kwake. Ajenti wa aina hii analipwa kamisheni na chuo. Wa kwangu alilipwa, kisha nilipokwama hakupokea simu, na ujumbe wangu aliusoma akaunyamazia. Muulize wako kwa maandishi: chuo kinakulipa? Nani kakuruhusu kunishauri habari za viza? Ndani ya Australia mshauri wa viza lazima awe mwanasheria au awe amesajiliwa MARA, mamlaka inayosajili mawakala wa uhamiaji, na rejista yao iko wazi mtandaoni, unaandika jina linatokea au halitokei.

Hiyo diploma ya uongozi nayo iangalie kwa macho makali. Ukiunganishiwa kozi, kozi yako kuu kisheria inakuwa ile ya mwisho, na kabla hujamaliza miezi 6 ya kozi kuu huhami chuo bila chuo chenyewe kukuachia. Kwa hiyo ile miezi 6 inaanza kuhesabiwa utakapoingia kwenye diploma. Ukigundua mwezi wa pili kwamba karakana ni ya magari matatu, umefungwa. Isitoshe, 485 inataka wiki 92 za masomo yanayohusiana na fani uliyoitaja, na uongozi hauhusiani na alteneta. Unalipia wiki zisizohesabika.

Usiku huu waandikie vyuo vyote viwili, si ajenti, vyuo vyenyewe. Waulize kama AUR30320 yao, ambayo ndiyo Certificate III ya umeme wa magari, ina mafunzo kazini yaliyosajiliwa kama sehemu ya kozi kwenye CRICOS, rejista ya serikali yao ya kozi za wanafunzi wa kigeni, na ni masaa mangapi. Yakiwa yamesajiliwa hivyo hayahesabiwi kwenye yale masaa 48 ya wiki mbili. Waulize ni gereji ipi inapokea wanafunzi, nani anasaini masaa, na wanafunzi wangapi kwa gari moja siku ya vitendo. Omba video ya karakana ikiwa na watu ndani. Picha za tangazo zinapigwa siku ya usafi. Chuo kinachokujibu "utapata tu ukifika" kifute, hata kikipunguza ada nusu.

Ukishafika, kwa kila gereji utakayogusa: slipu, namba ya kodi, malipo ya benki, na daftari lako la kila siku lenye tarehe, gari na kazi uliyofanya. Fundi akikupa noti mkononi mwambie hapana, hata kama una njaa. Najua ninachokuambia, nilikuwa na njaa.

Vifaa usibebe, uzito wa bure. Beba vyeti vyako vya VETA. Gesi ya AC usiiguse mpaka uwe na leseni ya ARC, ndiyo ya kushika gesi hizo kule, hata kama nyumbani ulikuwa unajaza kila siku.

Uliuliza na mengine, nitarudi. Kwanza majibu ya hao vyuo. Yakifika yabandike hapa kama yalivyo, futa tu majina, tuyasome mstari kwa mstari kabla hujaenda benki.