Simu isiyo na waya inanisikilizisha mambo ya jirani

SWALI: Shikamoo mjomba. Mie nipo Shangani hapa Mtwara, nna gesti ndogo, kaka yangu aliniletea simu ya mezani ile isiyo na waya kutoka Marekani, ya kizamani. Juzi nanyanyua nimpigie mteja namsikia mama wa nyumba ya pili anaongea na mwanawe wa Masasi bei ya korosho, neno kwa neno! Nae anayo kama yangu. Je na yeye ananisikia? Kuna kijana ananiuzia nyingine ya 2.4, nichukue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ndio, anakusikia, na mwambie leo leo maana hilo si jambo dogo, mtu anataja bei ya mzigo wake au namba ya siri akidhani yupo peke yake. Simu hiyo ni redio mbili ndogo, kitako kimechomekwa kwenye laini na kinarusha sauti hewani, mkono wa simu unaoushika nao unarudisha, na ukuta hauzuii. Geuza kitako usome karatasi ya chini, ukikuta 46/49 MHz (megahezi, ndo masafa yake ya redio) basi ndo zile za analogi, zilianza na chaneli 10 tu kwahiyo nyumba mbili kuangukia chaneli moja ni rahisi, na sauti inaenda wazi kama redio ya FM. Ikiwa na kitufe cha chaneli kibonyeze, mtaachana, ila siri bado hamna.

Ya 2.4 usichukue. Masafa hayo ya gigahezi 2.4 ndo ya waifai na ndo ya maikrowevu, sasa wewe mpishi akipasha chakula cha mgeni simu inakoroma na intaneti ya wageni inasuasua.

Tafuta iliyoandikwa DECT, ya megahezi 1880 mpaka 1900. Hiyo ni ya dijitali, inajichagulia chaneli yenyewe na nyingi zinafunga mazungumzo kwa msimbo wa siri (mwaka 2009 wataalamu walionesha msimbo huo unavunjika, ila si kwa jirani kunyanyua simu tu). Na kaka asikuletee DECT 6.0 ya Marekani tafadhali, ile inatumia 1920 mpaka 1930 na huku kwetu hapo ndo zinapita simu za mkononi za 3G, utawaharibia watu mtandao.

Mpaka uipate, mambo ya hela ongelea ile simu ya waya kama bado unayo stoo.