Uliza Fundi: Reli ya Tanga chumbani

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni msomaji wako wa Korogwe. Shemeji yangu anayeishi Ujerumani kaniletea seti ya treni ndogo ya HO: kichwa kimoja, mabehewa matatu na reli za kutosha mzunguko mmoja. Nina chumba kitupu na plaiwudi ya futi nane kwa nne. Nataka kujenga reli yetu ya Tanga hadi Moshi, na milima yake. Nianzie wapi? Na reli hizi zitafaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji kama huyo mtunze.

Tuanze na reli, maana hapo ndipo pesa hupotea. HO ni kusema kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli zako zimeachana milimita 16.5, zidisha kwa 87 unapata karibu 1,435, yaani kipimo cha SGR. Reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ni ya mita moja. Mita moja gawa kwa 87 ni milimita 11.5, kwa hiyo zinazokufaa ni za milimita 12, zinazouzwa kwa jina la HOm. Shemeji asikuletee za TT, kipimo kingine cha treni ndogo zaidi, kwa kuona nazo ni 12: mataruma yake ni madogo na yamebanana, na mtu aliyekulia kando ya reli atagundua mara moja. Seti uliyonayo iweke. Siku ukitamani SGR, ipo.

Pili, hiyo Tanga hadi Moshi iache. Kwa kipimo hiki kilomita moja inataka mita 11 na nusu za chumba. Chukua stesheni moja tu. Mimi ningechukua Mombo, ambako reli ilifika 1905, kwa sababu Usambara imesimama pale pale na unaweza kuichora ukutani kwa bluu iliyofifia. Milima ya kuchonga kwa povu hula nafasi yote, halafu treni inabaki inapita kwenye mfereji. Nenda na futi kamba uombe ruhusa ya kupima jengo: mlango wa mita mbili kwako ni milimita 23.

Plaiwudi ipasue kwa urefu, uipange kwenye kona ya chumba. Ikiwa nzima ukutani, behewa likianguka upande wa nyuma mkono haufiki. Ipake rangi juu, chini na kwenye kingo kabla ya kutandika reli. Ubao mtupu ukinyonya unyevu wa masika huvimba, na mchwa nao hawakawii.

Sasa udongo, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wenzetu Ulaya wanaununua kwenye pakiti! Wewe chota nje ya mlango, uukaange kwenye kikaango kibovu ili wadudu wafe, utwange, kisha uchekeche kwa soksi ndefu ya nailoni. Halafu pitisha sumaku juu yake, taratibu. Utaona chembe nyeusi zinarukia na kusimama kama ndevu. Hizo ni za chuma. Zikibaki mezani, sumaku iliyomo ndani ya mota ya kichwa itazivuta na siku moja mota itakwama. Rudia mpaka sumaku itoke safi.

Nyunyiza udongo huo juu ya rangi inayofanana nao. Uloweshe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa bomba la kupulizia lenye ukungu mwembamba. Bila sabuni, tone la gundi hujikunja juu ya vumbi na kuviringika. Ndipo udondoshee gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa, kwa bomba la sindano. Ukikauka huwa umekolea kidogo, basi chagua uliopauka. Kokoto za relini zinashikwa vivyo hivyo, ila kwanza pitisha treni kila mahali, maana gundi ikishika hakuna kunyoosha reli.

Nyasi ndefu ni nyuzi za katani, na hizo Korogwe hamnunui. Kata fupi fupi, chovya ncha kwenye gundi, simamisha. Shamba la mkonge lenyewe likate kwa karatasi ya kijani, kila mche milimita 15 hivi, kwenye mistari iliyonyooka. Hapa usilegeze: mkonge uliopandwa shaghalabaghala si wa Tanga.

Ukifika kwenye nyaya niandikie tena, na uniambie transfoma yako inatoa volti ngapi.