Mafunzo ya ualimu wa yoga: ulizia kwanza utasimama mbele ya darasa mara ngapi

Dada, umeeleza kwamba unaongoza mazoezi ya viungo katika ukumbi mmoja hapo Mombasa, kwamba sasa unataka kuwa mwalimu wa yoga mwenye cheti kinachotambulika, na kwamba unasita kati ya njia tatu: kwenda Rishikesh, India, kwa mwezi mmoja, kusoma Nairobi kila mwisho wa juma, au kusoma kwa mtandao. Mimi nilipitia mafunzo ya saa 200, yaani kozi ya msingi ya ualimu, Nairobi, nimefundisha tangu hapo, na siku hizi huwasimamia wanafunzi wa ualimu wanapoongoza madarasa yao ya kwanza, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyashuhudia.

Nianze na cheti, kwa sababu ndicho kinachowababaisha wengi. Yoga Alliance, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999, halimtahini mtu; husajili shule zinazofuata mtaala wake, na shule ndiyo inayokufundisha, kukupima na kukupa cheti, ndipo nawe ukajisajili ukitaka. Katika mtaala wa saa 200, saa 75 ni za mbinu na mazoezi yenyewe, 30 za anatomia na fiziolojia, 30 za historia, falsafa na maadili ya yoga, na 50 za kazi ya ualimu. Zinazobaki shule huzipanga inavyoona inafaa. Ukiuliza bei na tarehe peke yake hutajua lolote. Ulizia hizo saa 50, kwa maana humo ndimo yalimo mazoezi ya kufundisha, na shule mbili zinaweza kuzitimiza kwa namna zisizofanana kabisa: moja ikamsimamisha kila mwanafunzi mbele ya watu tangu wiki ya kwanza, nyingine ikawakalisha wote kusikiliza mihadhara hadi siku ya mwisho, ambapo kila mmoja huwaongoza wenzake kwa dakika chache na kupongezwa.

Tofauti hiyo huonekana wazi darasani. Mwanafunzi wa ualimu ambaye hajazoea kufundisha hufanya mikao yote yeye mwenyewe huku akiitaja, macho yakiwa kwenye mkeka wake. Chukua mkao wa kuketi miguu ikiwa imenyooshwa mbele na kuinamia vidole, ambao kwa nje ni rahisi sana. Mtu aliyekaa ofisini siku nzima ana misuli ya nyuma ya paja iliyokaza, kwa hiyo nyonga hazisogei, na anapong'ang'ania kufikia vidole unaokunjika ni mgongo wa chini. Mwingine, mwenye mwili laini, atalala kabisa juu ya miguu yake, na baada ya miezi ataanza kulalamikia maumivu chini ya kalio, pale kano za misuli hiyo zinaposhika mfupa wa kukalia. Wa kwanza anahitaji kukalia blanketi lililokunjwa na kulegeza magoti. Wa pili anahitaji kuzuiwa asizame. Haya yote yameandikwa katika vitabu vya anatomia, lakini kuyaona kwa watu 15 kwa wakati mmoja, huku unahesabu pumzi na kukumbuka kwamba mama wa safu ya nyuma ana shinikizo la damu na hafai kusimama kwa kichwa, ni ujuzi unaopatikana kwa kufundisha tu, mkufunzi akiwa amesimama ukutani anakuangalia. Wewe uliyezoea kuongoza mbele ya kioo kwa muziki utaliona hili kuwa gumu zaidi, kwani itakubidi uondoke kwenye mkeka na kutembea.

Rishikesh, mji wa jimbo la Uttarakhand kando ya mto Ganga, una shule nyingi mno, na zimo nzuri kweli. Lakini fanya hesabu: saa 200 kwa wiki nne, ukipumzika siku moja kila wiki, ni zaidi ya saa nane kwa siku, kuanzia alfajiri. Mwili huchoka kabla akili haijameza somo, na wanaokuwa wanafunzi wako wa majaribio ni wenzako wa kozi, vijana wenye afya ambao tayari wanaijua mikao yote. Pamoja na nauli na viza, mtu anayetoka Kenya huhitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nayo huchomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia India. Uliza pia kuhusu nyimbo za ibada na tambiko. Katika vituo vya Sivananda, mtandao wa kimataifa wa vituo vya yoga, ambavyo vimekuwa vikiendesha mafunzo ya ualimu tangu mwaka 1969, kuimba na kutafakari asubuhi na jioni ni sehemu ya kozi, na Mwislamu au Mkristo ana haki ya kulijua hilo kabla ya kulipa.

Nairobi ina jambo ambalo ninalithamini sana: Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007, iliwafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu na kuwapeleka kufundisha madarasa ya bure katika jamii zao. Mwalimu anayeanzia hapo hukutana mapema na watu wa kila umri, wengine hawajawahi kukalia mkeka.

Mafunzo ya mtandaoni yanafaa kwa falsafa na anatomia. Kwa kusahihishwa hayatoshi, kwani kamera haimwonyeshi mkufunzi darasa lako lote.

Kwa hali yako, yaani una kazi na una watu wanaokuja ukumbini kila wiki, ningechagua Nairobi. Utajifunza Jumamosi na Jumapili, kisha Jumanne uwafundishe watu wako, na wiki inayofuata urudi kwa mkufunzi na maswali halisi. India iache kwa mafunzo ya saa 300, yaani ngazi inayofuata, utakapokuwa unajua unachokwenda kutafuta. Kabla hujalipa popote, omba kuhudhuria darasa linaloongozwa na mtu aliyehitimu hapo mwaka jana, si mkufunzi mkuu, na uhesabu mara anazoondoka kwenye mkeka wake.