Uliza Bwana Shamba: Matikiti yangu hayavuki kilo 4

Asalaam aleikum mwalimu. Mimi nipo Makunduchi, nnalima matikiti kila mwaka, samadi natia, maji natia, mbegu nnanunua ile pakti ya Sugar Baby, lakini matikiti yenyewe hayavuki kilo 4. Nimeona kwenye simu picha ya Mmarekani na tikiti kama pipa. Jee huku kwetu hatuwezi?
Msomaji, Makunduchi

Waaleikum salaam ndugu yangu. Tunaweza, ila sio kwa Sugar Baby. Mbegu hiyo imechaguliwa izae tikiti dogo, kilo 3 mpaka 5 ndo ukubwa wake, hata uimwagie gari zima la samadi haitokuzalia jitu. Crimson Sweet kidogo inapanda, inafika kilo 10 na kitu. Hao wanaoshindana kule Marekani wanapanda mbegu inaitwa Carolina Cross, na ndo aliyoipanda Chris Kent wa Tennessee mwaka 2013 akaweka rekodi ya dunia ya kilo 159. Uzuri wake sio F1 (yaani mbegu chotara, ambayo ukiweka mbegu zake hazizai kama mama yake), kwa hivyo ukilipata tikiti zuri unaweza kuweka mbegu zake mwenyewe, ila usiipande jirani na tikiti za aina nyengine manake nyuki watazichanganya.

Sasa ardhi. Makunduchi nyie mpo kwenye uwanda wa mawe, udongo mchache na una chokaa nyingi, ndo maana utaona majani yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Usihangaike kulima eneo zima, chimba mashimo machache lakini makubwa, tia samadi iliyooza kabisa (mbichi inaunguza mizizi) na udongo mzuri, yaache kama wiki tatu ndo upande. Shimo hadi shimo acha mita 3 au zaidi, najua utaona unapoteza nafasi lakini tikiti kubwa linalishwa na majani, na majani yanataka pakutambaa. Mikono ya mche, yaani yale matawi yanayotambaa, ikishatambaa ifukie fukie udongo pale kwenye vifundo, itatoa mizizi mengine na upepo wa kaskazi hautoipindua.

Halafu tikiti moja tu kwa kila mche. Hapa ndo roho inapowauma watu, wanaacha matatu manne kila moja linamnyang'anya mwenzake chakula, mwisho yote yanabaki ya wastani. Usiliache lile la kwanza kabisa karibu na shina, subiri lililoshika kwenye mkono mkuu mbali kidogo, mita 2 hivi au zaidi, kwa sababu hapo mche una majani ya kutosha. Likifika ukubwa wa ngumi na umeliona zuri, halina kovu, mengine yote toa, na kila siku chache pita tena utoe yanayochipukia.

Mbolea ya chumvichumvi, urea kidogo mwanzoni mche unapotambaa, tikiti likishashika iache, tia yenye potasiamu. Ukizidisha urea utapata majani mazuri sana basi. Na wakati, atika katikati ya Novemba, vuli ikusaidie kuotesha, kaskazi ikukute tikiti linajaa. Masika achana nayo, ukungu utakumalizia majani.

Maua yanatoka mengi lakini yote yanaanguka, kwa nini?
Mama Fulani, Wete

Mama, ya mwanzo karibu yote ni madume, hayazai, usiogope. Ua jike utalijua, nyuma yake lina kitikiti kidogo chenye manyoya. Linafunguka siku moja tu, asubuhi, kwa hivyo kama huoni nyuki shambani chuma dume lililofunguka leo leo, livue petali, umpakaze jike unga wake kabla ya saa 3. Na dawa ya wadudu usipulize asubuhi, utaua hao hao nyuki.

Tikiti langu limeoza kitako likiwa dogo. Pia rafiki ananambia nilinyweshe maziwa kwa uzi uliochomekwa kwenye kikonyo, ni kweli?
Kijana wa Nungwi

La maziwa si kweli kabisa, usilitoboe tikiti wala kikonyo, hapo unafungulia maradhi mlango. Kitako kuoza mara nyingi ni maji ya kushtukiza, siku tatu pakavu halafu unamwaga ndoo kumi, mche unashindwa kupeleka kalisi kwenye tunda. Mwagilia sawasawa, jioni, kwenye shina sio kwenye majani, na tandika nyasi kavu unyevu usipotee. Kwa kuwa upo pwani yaonje kwanza maji ya kisima, yakiwa na chumvi mche utadumaa tu. Tikiti liweke juu ya mchanga mkavu au kipande cha ubao, lifunike na kuti dhidi ya jua, na likiwa changa livishe kitambaa chepesi, nzi wa matunda asitage mayai ndani.

Ntajuaje limeiva bila kulipasua?
Msomaji, Bububu

Angalia kile kikia kinachojizonga karibu na kikonyo, kikikauka chote, na sehemu iliyolalia chini ikageuka kutoka nyeupe kuwa manjano ya siagi, kata. Kata kwa kisu uache kikonyo kidogo, na tikiti la kilo 40 tafuta watu wawili na gunia la kulibebea, usilivute kwa mkono mmoja.