Maswali na majibu: bia moja na funguo za baba

Mwanangu ana miaka 17 na anaendesha vizuri kuliko baba yake. Akikutwa amekunywa bia moja tu, si bado yuko chini ya kiwango? (Mama, Mbezi Beach)

Mama, kiwango hicho, miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, hakimwokoi asiye na leseni, na leseni ya gari inaanzia miaka 18. Mwanao kashavunja sheria kabla hajafungua chupa. Aliyemwachia funguo naye ana kosa lake, na aliyemuuzia bia pia, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Baa za Sinza wanajua, wanajifanya hawaoni.

Ni kweli, kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto na hafungwi jela. Wazazi mkisikia hivyo mnashusha pumzi. Shule ya maadilisho Irambo, Mbeya, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani, mnadhani ni bweni la kawaida? Na mguu wa muuza mihogo aliyegongwa, nani ataulipia?

Kuna dawa ya kipima ulevi? Kahawa, Big G? (Kijana, Tabata)

Hakuna. Kinapima pumzi ya mapafuni, hakinusi mdomo. Acheni kuniuliza hili kila wikiendi.

Binti yangu ana miaka 20, anasoma Texas. Kule si mwisho ni asilimia 0.08 ya kilevi kwenye damu? (Baba, Kigamboni)

Si kwake. Sheria ya Marekani ya 1984 iliyasukuma majimbo yote kwenye miaka 21 ya kunywa, na dereva aliye chini ya hapo ana kiwango chake: kati ya 0.00 na 0.02 kutegemea jimbo. Texas ni kilevi chochote kinachogundulika. California ni 0.01, na leseni inazuiwa mwaka mzima. Mwambie pia kwamba kukamatwa tu kwa ulevi barabarani kunaweza kumfutia viza, hata kabla ya hukumu.

Huku kwetu kijana wa miaka 18 mwenye leseni ya juzi anapimwa sawa na mzee wa miaka 50. Mimi ningempa sifuri.

Konda wangu wa miaka 17 anapiga deiwaka usiku, anakunywa kidogo tu. (Dereva, Mbagala)

Kwa dereva wa gari la abiria kiwango ni sifuri. Mshushe leo.

Si tunaongea na trafiki yanaisha? (Wengi)

Hela ya soda ni rushwa, na mtoaji anashtakiwa kama mpokeaji. Halafu mbona swali hili hutoka kwa wazazi tu?