Namba za sensa zinafika nne badala ya sita, nihamie wifi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina ESP32, ile chipu ndogo ya kuprogramu, nimeiunga na sensa ya mwendo MPU6050, nataka nikitikisa mkono mchoro kwenye simu ucheze hapo hapo. Natumia BLE, ile Bluetooth isiyokula chaji sana. Shida ni kwamba natuma namba sita ila simu inaonyesha nne tu, mfano 0.12,-0.98,0.05,1.34 halafu basi, na mchoro nao unachelewa, mkono umeshatulia wenyewe bado unacheza. Natuma mara 100 kwa sekunde. Jamaa ananiambia Bluetooth haiwezi, nihamie wifi. Kweli?

JIBU: Wala usihame. Hebu hesabu herufi za huo mstari wako, na koma zake na ile alama ya kutoa, ni 20 kamili, na hapo ndo mchawi alipo. BLE inaanza na MTU, yaani ukubwa wa juu wa ujumbe mmoja, ya baiti 23, tatu zinaliwa na protokali yenyewe unabaki na 20, kinachozidi kinakatwa kimya kimya.

Acha kutuma maandishi. Sensa inakupa kila namba kwa baiti 2, namba sita ni baiti 12, zinaenea na nafasi inabaki. Zitume mbichi, hiyo kazi ya kugawanya zile za mchapuko kwa 16384 ili upate g, yaani mara ngapi ya mvutano wa dunia (kama kipimo umekiacha kwenye ±2g) iachie simu. Ila chunga mpangilio, MPU6050 inatanguliza baiti kubwa wakati ESP32 inahifadhi ndogo kwanza, ukizichanganya utaona namba zinaruka kama zimepagawa na sensa imelala tu mezani.

Kuchelewa sasa: simu na kifaa haviongei muda wote, vinakutana kwa vipindi na mwenye kauli ya mwisho ni simu, mara nyingi ni makumi ya milisekunde, we unasukuma kila baada ya milisekunde 10, foleni inajaa kirahisi. Ongeza MTU, kwenye Android programu yako ndo iombe, afu funga vipimo vitano kwenye paketi moja, yaani baiti 60 na moja ya kuhesabia paketi ili ujue kama kuna iliyopotea njiani, unatuma mara 20 tu kwa sekunde.

Wifi ingebeba hayo yote bila jasho, ila betri ya kuvaa mkononi itakata mapema mno.

Ukifanya hivyo na bado mchoro unajivuta, cheki programu ya simu, pengine inachora upya kwa kila kipimo, ichore mara moja kwa paketi.